Maji moto bila umeme: Mbinu nafuu za kuoga na hatari za kuepuka

MSIMU wa baridi unapoingia kati ya Juni na Agosti, wakazi wa nyanda za juu kama vile Kinangop, Limuru na Molo huanza siku kwa shughuli moja isiyoepukika: kuchemsha maji ya kuoga.

Kwa aliye na umeme wa kutosha, hilo ni suala la kubonyeza swichi tu. Lakini kwa familia ambazo nyaya za umeme hazijazifikia, na kwa wasafiri wanaopiga kambi porini, maji hayo humaanisha sufuria mekoni, moshi machoni na mzigo wa kuni mgongoni.

Hata hivyo, bafu la manyunyu lenye maji moto linaweza kutengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana kwa mafundi wa jua kali: pipa, mabomba, paipu nyeusi za plastiki na kopo la rangi. Kuyapasha maji joto si kazi ngumu. Kazi ni kuhakikisha kwamba mvuke na moshi vina njia ya kutokea, na kwamba anayeoga haungui.

Hesabu ya joto

Mtu mzima huweza kuoga vizuri kwa lita 20, yaani ujazo wa debe moja. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 15 za Selsiasi asubuhi ya baridi na kuyafikisha nyuzi 40, ambazo huustarehesha mwili, huhitaji takriban yuniti 0.6 za umeme.

Kiasi hicho kinaeleza kwa nini paneli ndogo ya sola, ile inayowasha taa na kuchaji simu, haiiwezi kazi hii. Paneli ya wati 100 ingehitaji karibu saa sita za jua kali kupasha debe moja tu, hata kama hakuna joto lolote ambalo lingepotea njiani.

Kwa upande mwingine, jua la adhuhuri lisilo na mawingu hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba. Paneli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu hizo kuwa umeme, ilhali rangi nyeusi isiyong'aa hunasa sehemu kubwa na kuigeuza kuwa joto papo hapo. Ndiyo maana, kwa maji ya kuoga, kopo la rangi hufaa kuliko betri.

Kutumia jua

Njia rahisi kabisa ni kuupaka mtungi wa plastiki wa lita 20 rangi nyeusi, kuujaza maji na kuulaza juani tangu asubuhi. Mtungi hulazwa, wala hausimamishwi, ili ubapa wake upokee miale mingi iwezekanavyo. Ukiwekwa juu ya bati na kufunikwa kwa kioo au plastiki inayopitisha mwanga, upepo hauwezi kulipokonya joto lake.

Wanaotaka mtambo wa kudumu hutumia paipu nyeusi ya plastiki, ile ya kusafirishia maji mashambani. Paipu yenye upana wa ndani wa milimita 25 hubeba karibu nusu lita kwa kila mita, hivyo mita 40 hutosha debe moja. Paipu huviringishwa kama kata ya kubebea mzigo kichwani, ikalazwa mahali penye jua.

Ncha moja huunganishwa na tangi la maji baridi lililoinuliwa, nayo ya pili huelekea bafuni. Mfereji wa bafuni ukifunguliwa, maji baridi huyasukuma yale moto mbele yake. Ni vyema kuyaonja kwa mkono kwanza, kwani maji yaliyoshinda juani ndani ya paipu yanaweza kuwa makali kuliko inavyodhaniwa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mawingu hutanda katika miezi ile ile ambayo maji moto yanahitajika zaidi. Hata hivyo, jua hafifu bado lina faida. Likiyatoa maji kwenye nyuzi 15 hadi 25 pekee, litakuwa limefanya asilimia 40 ya kazi, na moto utahitajika kumalizia tu. Kwa anayenunua au kutafuta kuni kila siku, hiyo si akiba ndogo.

Maji yaliyopata moto mchana yanaweza kuhifadhiwa hadi jioni kwa kuuweka mtungi ndani ya sanduku lililojazwa maranda ya mbao au nyasi kavu, kama kikapu cha kuhifadhia chakula kisipoe.

Pipa na kuni

Kwa familia kubwa, mbinu iliyozoeleka katika nyumba za mashambani na kambi za watalii ni pipa la chuma la lita 200 lililolazwa juu ya kuta mbili za mawe, moto ukiwa chini yake. Tangi la maji baridi huwekwa juu zaidi ya pipa. Bomba la kutoka tangini huingia upande wa chini wa pipa, na lile la kwenda bafuni hutokea upande wa juu.

Maji yanapopata moto huwa mepesi na kupanda juu, kwa hivyo anayefungua mfereji hupata yale yaliyo moto zaidi, huku baridi yakiingia chini kujaza nafasi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Pipa lililozibwa kila upande likiachwa motoni hupasuka kama bomu. Kwa sababu hiyo, lazima bomba la tatu litoke juu ya pipa na kupanda hadi kupita usawa wa maji yaliyo tangini, na ncha yake iachwe wazi. Bomba hilo halifai kuwekewa mfereji wala kuzibwa kwa kitambaa, hata likitoa matone.

Vilevile, moto usiwashwe kabla ya pipa kujaa. Pipa lililobeba dawa za mimea halifai kwa maji ya kuoga, na lililobeba petroli linaweza kulipuka fundi anapolichomelea. Isitoshe, lita 200 za maji zina uzani wa kilo 200, hivyo tangi la ukubwa huo halistahili kupandishwa juu ya paa dhaifu.

Moto na watoto

Asiye na pipa anaweza kutumia ndoo iliyotobolewa na kufungwa kinyunyizi, kisha ikapandishwa kwa kamba na kapi. Wahudumu wa kambi za safari hufanya hivyo kwa mfuko wa turubai. Katika maeneo yaliyo mita 2,500 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi zipatazo 92, sehemu moja ya maji yanayochemka kwa sehemu mbili za baridi hutoa mchanganyiko wa nyuzi 40 hivi.

Maji baridi yatangulie daima. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyororo zaidi. Ndoo iliyotanguliziwa maji yanayochemka ni mtego kwa mtoto anayeingia bafuni mbio.

Aidha, jiko la makaa halipaswi kuingizwa bafuni wala hemani ili kupunguza baridi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlewesha mtu na kumuua kabla hajatambua kinachomsibu. Kila msimu wa baridi huacha familia zikiomboleza kwa sababu hiyo.

Kwa wanaopiga kambi, bafu liwekwe angalau hatua 70 kutoka mtoni, maana sabuni hudhuru viumbe na kuwachafulia maji walio chini ya mto. Kuni nazo zibebwe kutoka nyumbani badala ya kukatwa msituni.

Kabla ya kuwasha moto wa kwanza, mwenye bafu ajiulize maswali matatu: mvuke utatokea wapi, moshi utaelekea wapi, na maji haya yamepimwa kwa mkono? Akikosa jibu kwa mojawapo, ni heri aoge maji baridi siku hiyo.