Saratani ya Ini kwa Watu Wasioonja Pombe

Katika mji wa Elwak, ulio mpakani mwa Kenya na Somalia baina ya Wajir na Mandera, ambako wenyeji karibu wote ni Waislamu na wengi hawajaonja ulevi maishani mwao, si ajabu kumsikia mtu akiuliza ilikuwaje jamaa yake akafa kwa saratani ya ini hali hakupata kushika chupa mkononi. Kwani imeenea dhana kwamba maradhi ya ini ni ya walevi, na asiyekunywa amesalimika.

Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilipata ushahidi mbali sana na Elwak, katika jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako Wasomali wengi wamelowea tangu vita vya miaka ya 1990. Dakta Lewis Roberts, tabibu mzaliwa wa Ghana aliyeifanya saratani ya ini kuwa shughuli ya umri wake katika hospitali ya Mayo Clinic, alishirikiana na Abdirashid Shire na wenzao kuzipitia rekodi za Wasomali waliopimwa damu huko, na mwaka 2012 wakayatangaza matokeo. Kusini mwa Sahara, aghalabu saratani hii ikitajwa hushukiwa kwanza virusi vya homa ya ini aina ya B, na kweli watafiti walivikuta kwa wingi. Walakini walipowatazama wale waliokwisha kupatwa na saratani yenyewe, walio wengi walikuwa na alama za aina ya C, ambayo haikuwa ikitiliwa maanani sana kwa jamii hiyo.

Aina zote mbili husafiri kwa damu. B hupita hasa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na baina ya watoto wadogo, nayo ina chanjo, ambayo Kenya iliingiza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndani ya ile sindano ya maradhi matano apewayo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. C haina chanjo hata leo. Njia yake ni sindano iliyorudiwa bila kuchemshwa, damu ya msaada isiyopimwa, wembe wa ngariba uliopita kwa watoto kadhaa asubuhi moja, au ule wa mpiga chuku aliyeufuta kwa kitambaa akamwita mteja wa pili. Lakini C ina tiba: vidonge vya kumeza kila siku, kwa kawaida wiki 12, huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Taabu ni kwamba ngamia akizidishiwa mzigo hunguruma mpaka aliye mbali akasikia, ilhali ini halinung'uniki. Miaka 20 au 30 nyama yake hugeuka makovu pole pole, na macho yanapokuwa manjano na tumbo kujaa maji, mara nyingi wakati umekwisha pita. Mwaka 2017 Roberts na wenzake walichapisha habari za wagonjwa 2,566 wa saratani hii barani Afrika. Wale wa Misri, ambako walio hatarini huandamwa kwa vipimo kabla hawajaugua, waliishi kwa wastani miezi 10.9, wale wa nchi nyingine nane, zikiwamo Tanzania, Uganda na Ethiopia, miezi 2.5, nao walikuwa na umri wa miaka 46 tu kwa wastani, dhidi ya 58 kwa Wamisri. Sidhani kwamba ini la Mmisri ni gumu kuliko letu.

Na miraa je, nayo hudhuru ini? Swali hili huwaudhi wengi, lakini haifai kulikwepa. Mjini Harar, Ethiopia, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 150 wa maradhi sugu ya ini na watu 300 wasio na maradhi hayo, na mwaka 2018 wakaarifu kwamba kwa wanaume hatari ilipanda kadiri kutafuna kulivyozidi. Utafiti mmoja wa namna hiyo hauthibitishi kila kitu, wala hauviondolei lawama virusi. Kwa hiyo mtafunaji wa Elwak aendaye hospitali na aombe apimwe B na C zote mbili, kwani damu ya mara moja yatosha kwa vipimo vyote, na ini lake likionekana limejaa makovu, apigwe ultrasaundi kila miezi 6, hata kama hasikii maumivu yoyote.