Uhai wa Chuma Uko Usoni
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha mhunzi wa Kikinga kando ya mivukuto yake, yule ambaye majembe na mikuki yake ilivuka safu ya Livingstone hadi kwa Wanyakyusa. Tuliona jinsi chuma kilicholazwa ndani ya makaa ya moto kinavyonyonya kaboni kidogo na kuwa kigumu. Leo swali ni lile lile, yaani namna ya kukipa chuma uso mgumu bila kukifanya chote kuwa chepesi kuvunjika. Ila makaa tunayaacha na kuushika umeme.

Fundi yeyote wa umeme pale Tukuyu mjini ana testa. Akiigusisha kwenye waya wenye moto, kitaa kilicho ndani ya mpini huwaka rangi ya chungwa. Kitaa hicho hakina uzi unaopashwa moto kama globu za zamani. Ni kichupa cha kioo chenye gesi ya neoni iliyopunguzwa sana, na ndani yake vijiti viwili vya chuma visivyogusana. Stata ya taa ya tyubu nayo huanza kazi kwa mng'ao wa namna hiyo hiyo.

Katika gesi yoyote hazikosekani elektroni chache zilizo huru. Volti ikiwekwa, elektroni hizo hukimbilia upande chanya, yaani anodi. Katika hewa tunayovuta, elektroni hugongana na atomu kabla haijashika kasi. Ndiyo maana umeme huhitaji volti nyingi mno kupita hewani, na ukipita hupita kwa mkupuo, kama radi zinazopiga mlima Rungwe wakati wa mvua. Gesi ikipunguzwa, elektroni hupata nafasi ya kukimbia, na ikiigonga atomu huing'oa elektroni nyingine. Sasa ziko mbili, nazo zitang'oa nyingine. Atomu iliyong'olewa elektroni huwa ioni chanya, na yenyewe huvutwa upande wa pili, kwenye kathodi, huipiga kwa kishindo na kuitoa elektroni mpya. Hapo mzunguko unajiendesha wenyewe na gesi inang'aa. Gesi iliyojaa ioni na elektroni hivyo ndiyo plazma, jina ambalo Irving Langmuir aliipa mwaka 1928, ingawa Heinrich Geissler alikuwa ameanza kutengeneza mirija yake yenye kung'aa mjini Bonn tangu mwaka 1857.

Jambo moja msomaji alishike vizuri, maana kila kinachofuata kimejengwa juu yake. Volti haigawanyiki sawasawa kati ya vijiti viwili. Sehemu kubwa yake humalizikia katika utando mwembamba ulio mbele ya kathodi. Kwa hiyo kitu chochote utakachokifanya kathodi kitapigwa na ioni uso mzima, kwenye kila jino na kila pembe, kwa wakati mmoja.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Bernhard Berghaus aliitumia siri hiyo kwa kukifanya chuma chenyewe kinachotakiwa kukazwa kuwa kathodi. Gia au rola huwekwa ndani ya tangi, tangi likafungwa, hewa ikavutwa nje hadi zibaki paskali mia chache tu. Kwa kulinganisha, hewa ya Tukuyu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600, ina paskali kama 84,000. Kisha huingizwa nitrojeni na haidrojeni kidogo, na volti mia kadhaa. Mng'ao wa zambarau hukifunika kile chuma kama shuka. Ioni huusafisha uso, na mapigo yao hukipasha chuma joto hadi kati ya nyuzi 400 na 580 za Selsiasi. Nitrojeni hupenya, ikaungana na chuma pamoja na kromiamu au alumini iliyomo, na kufanya chembe ndogo ngumu sana. Baada ya saa nyingi, pengine siku nzima, tabaka lililokazwa hufikia sehemu chache za kumi za milimita. Moyo wa chuma unabaki na ustahimilivu wake, na kwa kuwa hakitumbukizwi ghafla kwenye maji au mafuta, hakipindi.

Kaboni dayoksaidi nayo huongezwa wakati mwingine katika mchanganyiko wa gesi, ili kaboni iingie usoni pamoja na nitrojeni. Nalitaja hili kwa sababu gesi hiyo hiyo hutoka yenyewe ardhini kule Kyejo, wilayani Rungwe, na huvunwa kwa biashara.

Sasa twende kwenye chai. Chai nyeusi ya Tanzania kwa sehemu kubwa hupita kwenye mashine za CTC, zilizobuniwa na William McKercher huko Assam mwaka 1930. Rola mbili zenye meno huzunguka zikikabiliana, moja ikienda kasi mara kumi hivi kuliko mwenzake, na jani linalopita katikati husagwa, huchanwa na kusokotwa. Meno yakiwa butu, jani hubondwa badala ya kukatwa, na ubora wa chai hushuka. Chuma kinacholika huingia kwenye chai, na ndiyo sababu viwanda huweka sumaku za kunasa chembe zake. Rola hutolewa mara kwa mara na kuchongwa upya.

Je, mng'ao wa nitrojeni ungezisaidia rola hizi? Ungezisaidia, lakini kwa uangalifu. Rola nyingi ni za chuma kisichoshika kutu, na kinga yake ni kromiamu. Joto likizidi nyuzi 450 hivi, nitrojeni huikamata ile kromiamu, na chuma kilichokuwa hakishiki kutu kikaanza kushika. Chini ya hapo, nitrojeni hujibana ndani ya chuma bila kuiteka kromiamu, na uso hukaza bila kupoteza kinga. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham ulilionyesha hilo katika miaka ya 1980. Tatizo ni kwamba tabaka hilo la joto la chini huwa na mikroni 20 hivi tu, nalo litaondoka lote rola itakapochongwa mara ya kwanza. Kwa maoni yangu, mwenye kiwanda apige hesabu ya siku ambazo rola itafanya kazi kabla ya kurudi kwa fundi. Ugumu peke yake haumlipi.

Mapigo ya ioni yana kazi ya pili, ambayo mimi naiona ni nzuri zaidi. Badala ya nitrojeni weka argoni. Gesi hii haiungani na chuma, hivyo ioni zake hubaki kung'oa atomu za uso, tabaka kwa tabaka. Kila atomu iliyong'olewa huingia kwenye plazma na kutoa mwanga wa rangi zake yenyewe: zinki ina zake, alumini ina zake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Werner Grimm wa Ujerumani alitengeneza taa ya kufanyia kazi hiyo, na spektromita ikiungwa nayo huyasoma matabaka ya chuma kuanzia juu hadi ndani, kwa muda wa dakika chache.

Mwananchi wa Rungwe angepaswa kulijali hili kwa sababu ya mabati. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Dukani tunaulizana geji, 28 au 30, lakini geji ni unene wa bati lote. Kinacholinda paa ni zinki iliyo juu yake. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa, lina mikroni 19 hivi kila upande. Lenye gramu 100 lina 7. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 huweka ulaji wa zinki, katika mazingira ya ukali wa kati, kuwa mikroni 0.7 hadi 2.1 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: bati la kwanza lina kinga ya miaka 9 hadi 27, la pili miaka 3 hadi 10, na geji yao inaweza kuwa moja. Kuupima utando huo kwa mng'ao wa argoni kuna kiwango chake rasmi, ISO 16962, kilichoandikwa kwa ajili ya zinki na alumini juu ya chuma. Anayeezeka nyumba Katumba au Mwakaleli ana haki ya kumuuliza muuzaji zile gramu, na kuonyeshwa zilipoandikwa.

Wiki ijayo: pampu ya ombwe, na kwa nini tangi linalovuja kidogo tu huharibu kazi yote.