Je, Wajua? Maji Huipoza Kompyuta

Kompyuta ya michezo inaweza kupozwa kwa maji, kama injini ya gari. Pampu ndogo huyasukuma kutoka kwenye tangi hadi kwenye kipande cha shaba chenye vifereji vyembamba, kilichobanwa juu ya prosesa. Yakishabeba joto hupita kwenye rejeta yenye feni, yakapoa, yakarudi tangini. Kwa ongezeko lilelile la nyuzijoto, lita ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita ya hewa!

Usichanganye shaba na alumini katika mzunguko mmoja, alumini italika. Na kabla ya kuwasha kompyuta, ipe umeme pampu pekee kwa saa kadhaa, ukiwa umetandika tishu nyeupe chini ya kila kiungio. Hata tone moja litaonekana.