Leza Moja, Nukta Mia: Hako Kakofia ka Plastiki Ndiko Kanafanya Maajabu

Ushawahi kucheki nganya ikipita Voi usiku, dari yote ndani imejaa nukta za kijani kama nyota za Tsavo? Wasee wengi hudhani kuna leza mia hapo juu. Maze, mara nyingi ni moja tu. Kazi yote inafanywa na kakofia ka plastiki kamewekwa mbele yake.

Ukikashika mkononi unaona hakana kitu. Lakini kwa uso wake kuna vingazi vidogo ajabu, kimo chake kama nusu ya elfu moja ya milimita. Mwanga ukipita penye plastiki nene unachelewa kiasi. Penye nyembamba unawahi. Ukitoka upande wa pili, mawimbi yanakutana. Kilele kikigonga kilele, mwanga unazidi. Kilele kikigonga bonde, unazimika. Ni kama kurusha mawe mawili kwa maji yaliyotulia ukicheki viduara vikipishana (usiende kujaribu Mzima Springs, kuna viboko). Hiyo tabia inaitwa difraksheni, na mchongaji akipanga vingazi vizuri, anaamua nukta ngapi zitoke na zielekee wapi.

Sasa weka lenzi mbele ya hako kaplastiki. Kila mwale unakuja na pembe yake, so kila mmoja unakusanyika mahali pake. Tuseme mchoro wa vingazi unajirudia kila baada ya 0.1 mm, leza ni ya kijani, na lenzi inakusanya mwanga umbali wa 100 mm. Nukta zitaachana kama 0.53 mm. Ukileta leza nyekundu, zinaachana kama 0.65 mm, juu wimbi jekundu ni refu zaidi. Viwandani hiyo ndiyo form: badala ya leza moja yenye nguvu kutoboa shimo moja moja, unaigawa inatoboa mengi kwa mpigo. Hata iPhone X ya 2017 ilikuwa inarusha nukta zaidi ya 30,000 zisizoonekana kwa uso wako ndio ikutambue.

Na watu wa Taita Taveta wasijione wageni kwa hii story. Leza ya kwanza duniani, ya Theodore Maiman mwaka wa 1960, ilitumia fimbo ya rubi ya kutengenezwa. Rubi ya asili iko Mangari, hapo tu nyuma ya Voi. Leza nyingi za viwandani nazo zimetumia YAG, ambayo ni ganeti ya maabara. Ganeti ni ukoo mmoja na tsavoraiti, lile jiwe la kijani wachimbaji wa Kasigau wanalitafuta na jua kali. Ukweli mchungu: hayo ya leza hupikwa maabara, juu kristali lazima iwe safi kabisa. Jiwe lako halitaingia kwa leza, bro. Liuze kama kito, na usikubali broka akuambie ni chupa.

Turudi kwa nganya, juu hapa ndipo kuna ngori. Watu hujiambia leza ikishagawanywa mara mia haina noma. Si kweli. Vingazi vimepimwa kwa rangi moja. Ukivalisha leza ya kijani kofia ya nyekundu, au kofia ikiwa imechongwa vibaya, sehemu ya mwanga inapita bila kugawanyika na kuacha nukta moja kali pale katikati. Kofia ikidondoka kwa bampu, nguvu yote inakuwa mwale mmoja, na uko kwa kiti cha nyuma umeangalia juu.

Lebo nayo isikudanganye. Mwaka wa 2013, NIST ya Marekani ilipima tochi za leza 122, na karibu 90% ya zile za kijani zilifeli sheria za usalama. Jicho lako lina lenzi yake, inakusanya huo mwale kwa retina, na retina haina maumivu ya kukustua. Unagundua kesho yake, ukiona doa jeusi kwa kila kitu unachosoma.

So ukiona nukta moja inang'aa kuliko zingine, iambie konda aigeuze au aizime. Na usiielekezee kamera ya simu ukirekodi: sensa nayo huungua, na hiyo alama inabaki kwa kila picha.