Je, Wajua Kwa Nini Pikipiki Hugoma Kuwaka?

Pikipiki iliyokufa kabisa ni rahisi kutengeneza kuliko ile inayowaka leo na kugoma kesho. Iliyokufa ina kasoro iliyotulia mahali pamoja, na fundi akifuata waya na mipira ataifikia tu. Inayogoma kwa vipindi huwa nzima pindi ifikapo gereji. Ndiyo maana bodaboda nyingi hubadilishiwa plagi, kisha koili, kisha CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche), na bado asubuhi moja dereva akatoka jasho kwa kiki huku abiria akipanda nyingine. Kubahatisha vipuri hula fedha bure. Kabla ya spana kushikwa kuna swali la kuuliza: hugoma wakati gani? Ikiwa baridi, ikiwa ya moto, ikinyeshewa, au ikiwa imelala siku nyingi? Jibu lake hupunguza washukiwa kutoka kumi hadi wawili au watatu.

Injini ya pikipiki ya kawaida ya kazi ina silinda moja ya ujazo wa cc 100 hadi 150, nayo hufanya kazi kwa mapigo manne: pistoni hushuka ikinyonya hewa na petroli, hupanda ikigandamiza, husukumwa chini na mlipuko, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Ili mlipuko utokee, mambo matatu lazima yakutane. Mchanganyiko uwe na kiasi sahihi, ambacho kwa petroli ni takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Mchanganyiko huo ugandamizwe hadi karibu sehemu moja ya tisa ya ujazo wake. Cheche nayo iruke kidogo tu kabla pistoni haijafika juu. Kati ya hayo matatu, mgandamizo hudhoofika polepole kwa miezi au miaka. Cheche na mafuta ndivyo vyenye tabia ya kuja na kuondoka.

Jaribio la kwanza halihitaji zaidi ya spana ya plagi. Pikipiki ikiwa imegoma kweli, na si baada ya kupumzika na kupona, hupigwa kiki kumi hivi, kisha plagi hufunguliwa papo hapo na ncha yake kutazamwa. Ncha kavu isiyonuka petroli ina maana mafuta hayafiki. Ncha iliyolowa ina maana mafuta yanafika ila hayachomwi: ama cheche haipo, ama silinda imefurika. Iliyofurika huondolewa choki, mkono wa mafuta huvutwa hadi mwisho ili hewa nyingi iingie, na kiki hupigwa mara kadhaa mpaka ikauke. Rangi ya ncha nayo husema mengi kuhusu siku zilizopita. Kahawia hafifu ni afya, masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi, weupe ni petroli pungufu, na utando wa oili ni dalili kwamba oili inapenya hadi kwenye chumba cha moto.

Kisha huja cheche yenyewe. Plagi hurudishwa kwenye kofia yake na mwili wake wa chuma huegeshwa kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ilimotoka, kwa kuwa mvuke wa petroli utokao humo unaweza kushika moto. Kiki ikipigwa, cheche yenye nguvu huwa ya buluu yenye weupe na husikika ikipiga. Nyembamba ya njano au nyekundu ni dhaifu. Jaribio hili lina mtego unaowaponza mafundi wengi. Umeme huruka kwa urahisi zaidi katika hewa ya kawaida kuliko katika hewa iliyogandamizwa, kwa hiyo plagi inaweza kurusha cheche ya kuridhisha ikiwa nje na kushindwa kabisa ikiwa ndani ya silinda. Pengo la plagi kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Kadiri ncha inavyoliwa, pengo hupanuka na volti zinazohitajika huongezeka, mpaka siku koili inaposhindwa kuzifikisha. Plagi mpya ni ya bei ndogo kuliko karibu kila kitu kingine katika mfumo huu, hivyo kuanza nayo si kubahatisha. Kubahatisha ni kuendelea na CDI bila kupima.

Kasoro inayosumbua kuliko zote ni ile ya joto. Dereva hufika sokoni, huzima, hushusha magunia, na akirudi baada ya dakika tano injini haiwaki hata kwa kusukuma. Nusu saa baadaye huwaka kwa kiki moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapa washukiwa ni koili ya plagi na ile koili ndogo iliyo kando ya magneto, inayoiambia CDI wakati wa kurusha cheche. Ndani ya kila koili kuna waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara nyingi. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, na koili nzima hustahimili ongezeko hilo. Lakini waya wenye ufa, au uliochomelewa vibaya kwenye kiungo, hutanuka na kuachana pindi injini inapochemka, kisha hushikana tena ikipoa. Mita ikiwekwa asubuhi itaonyesha koili nzima. Ikiwekwa wakati pikipiki imegoma itaonyesha njia iliyokatika. Asiye na mita huzima swichi, huweka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya koili, hungoja kidogo, hukiondoa, na kujaribu tena. Cheche ikirudi mapema kuliko kawaida, mwizi ameshikwa.

Inayogoma wakati wa mvua ni rahisi zaidi. Waya mnene utokao kwenye koili hubeba maelfu mengi ya volti, na ganda lake likipasuka, umeme huona njia fupi kupitia maji hadi kwenye fremu. Gizani, injini ikiwa inanguruma na waya ukinyunyiziwa maji kidogo, vimulimuli vya buluu huonekana vikitambaa mahali panapovuja, napo hapaguswi kwa mkono. Mara nyingi tatizo liko kwenye kofia ya plagi tu, ambayo kwa pikipiki nyingi hufungwa kwa kuzungushwa. Hufunguliwa, waya hukatwa nusu sentimita iliyooza, kisha hufungwa upya.

Upande wa mafuta, kuna kasoro moja inayodanganya kama ile ya koili ila wakati wake ni tofauti. Pikipiki huenda vizuri dakika kumi au ishirini, huanza kukohoa, huzimika, na baada ya kusimama kidogo huwaka. Tangi lazima livute hewa kadiri petroli inavyotoka, na kitundu cha kupitishia hewa kwenye mfuniko kikizibwa na vumbi, ombwe hujengeka na petroli huacha kushuka. Mfuniko ukifunguliwa mara tu injini inapozima, husikika mlio wa hewa ikiingia. Tiba ni sindano na pumzi ya mdomo.

Tangi likiwa halina kosa, skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta hulegezwa huku koki ikiwa wazi. Petroli inapaswa kutiririka bila kukoma. Ikitoka kidogo na kukatika, kizuizi kiko kwenye koki, chujio au valvu ya floti. Inayotoka hukingwa kwenye chupa nyeupe na kuachwa itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini na mpaka wao huonekana wazi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa hayajitengi hivyo, ila hujulikana kwa harufu na kwa pikipiki kuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi, maana hayageuki mvuke kwa wepesi wa petroli. Uchakachuaji huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake.

Pikipiki iliyolala wiki nyingi kwa kawaida ina ugonjwa wa jeti. Sehemu nyepesi za petroli hupotea hewani, zilizobaki hugeuka gundi, na jeti ya mwendo wa chini, yenye tundu lisilofika nusu milimita, huziba. Husafishwa kwa kisafishio cha kabureta na upepo wa kompresa. Waya wa baiskeli unaochomekwa humo hulipanua tundu, na kuanzia siku hiyo pikipiki itakunywa mafuta na kutema masizi. Mwinuko nao una neno lake: Nairobi, yenye mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, ina shinikizo la hewa pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na Mombasa, hivyo kabureta iliyosetiwa pwani hutoa petroli iliyozidi ikifika huko.

Stata ina lugha yake ya sauti. Mlio wa haraka wa ta-ta-ta unaelekeza kwenye betri dhaifu au vichwa vyake vilivyolegea, vyenye unga mweupe unaoondoka kwa maji ya moto na magadi. Mlio mmoja na kimya huelekeza kwenye relei au brashi za mota. Ukimya mtupu ni fyuzi, swichi ya klachi au ya gia huru. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au zaidi, na injini ikinguruma inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, kubadilisha betri ni kuahirisha tatizo kwa siku chache. Kwa pikipiki za EFI, yaani zinazonyunyiziwa petroli kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta, jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa pampu ya petroli na kompyuta yake hutegemea betri, na ikiisha kabisa hata kusukuma huenda kusisaidie. Faida ya pikipiki hizo ni taa ya injini kwenye dashibodi, ambayo kwa nyingi humwekamweka kwa hesabu inayotaja kifaa chenye kasoro.

Cheche ikiwa nzima, petroli ikifika, na bado pikipiki inawaka kwa kusuasua, umebaki mgandamizo. Kiki huwa laini mguuni kuliko zamani. Kwanza hupimwa nafasi ya tapeti, ambayo kwa injini nyingi ndogo haizidi milimita 0.1 sana. Ikipotea, valvu haifungi kikamilifu na mgandamizo huvuja, na marekebisho yake ni kazi ya dakika chache. Nafasi ikiwa sawa, geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi, kipimo husomwa, kijiko kidogo cha oili humiminwa ndani ya silinda, na kipimo hurudiwa. Kikipanda, ringi za pistoni zimeisha. Kikibaki pale pale, kasoro iko kwenye valvu au gasketi ya kichwa, na injini lazima ifunguliwe.