Je, wajua? Bafle ni ubao

Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa husema spika. Mtu wa Butembo, mashariki ya Kongo, husema bafle, neno lililotufikia kupitia Kifaransa, na kwa neno hilo anataja kitu kizima: koni ya karatasi, sumaku ya nyuma na sauti inayotoka. Ila neno hilo lilianza kama jina la ubao. Mwaka 1925 wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric huko Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza namna ya kutengeneza kipaza sauti chenye koili ndogo inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma koni. Bafle tunazofunga garini leo bado zinafuata mpango huo huo. Katika kazi yao ilionekana wazi kwamba koni ikiachwa peke yake hewani, besi inapotea, na kwamba inahitaji ubao wa kuizunguka ili hewa ya mbele isikutane na hewa ya nyuma. Ubao huo ndio ulioitwa bafle. Sisi tulichukua jina la ubao tukalipa kifaa, kisha ubao wenyewe tukausahau. Hapo ndipo fedha nyingi za wapenzi wa muziki zinapopotelea. Kwa mtu mwenye dola chache na gari la zamani hapa Bulengera, mjini Butembo, ubao unapaswa kuwa mbele ya wati katika orodha ya manunuzi.

Tuanze na hizo wati, kwa kuwa ndizo zinazosifiwa zaidi dukani. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa safari za Dubai na Guangzhou. Mizigo yao hushuka Mombasa, huvuka Uganda na kuingia Kongo kwenye mpaka wa Kasindi kabla ya kupanda hadi mjini. Ndani yake huja redio za gari zilizoandikwa usoni 50W × 4. Namba hiyo ina hesabu yake. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa karibu volti 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa omu 4 za bafle ya kawaida, na utapata wati 51 na kitu. Lakini hesabu hiyo inadai volti zote zibaki kileleni muda wote, zikiruka kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kupita katikati, na wimbi la namna hiyo ni mkwaruzo tu. Sauti safi hupanda na kushuka kwa mteremko, kwa hiyo nguvu yake ya wastani haivuki nusu ya hapo, yaani wati 26. Ukiondoa kinachopotea ndani ya redio yenyewe, kila bafle inabaki na wati 15 hadi 20. Redio ya bei ndogo na ya bei kubwa zote zinafungwa na hesabu hii, maadamu zinakula volti zile zile. Na bafle iliyoandikwa 500W haitoi wati zozote. Namba hiyo ni madai ya kile inachoweza kuvumilia kwa kitambo kidogo.

Je, wati 15 zinatosha? Jibu liko kwenye namba nyingine, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya ndani ya boksi: unyeti wa bafle, yaani sauti inayotoa ikipewa wati moja na kupimwa umbali wa meta moja. Hupimwa kwa desibeli, na kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha nguvu ya ampli (kikuza sauti) mara mbili. Bafle ya desibeli 92 ikipewa wati 15 inapiga sawasawa na bafle ya desibeli 86 iliyopewa wati 60. Tofauti hiyo haidai ampli, wala waya nene, wala batri ya pili. Anayefuata njia ya wati hulipia vyote hivyo. Ampli inayotoa wati 400 za kweli huweza kuvuta karibu ampea 50, wakati alternata za magari mengi madogo ya zamani hutoa ampea 60 hadi 80 tu, na taa na injini nazo zina haki yao. Waya za bei nafuu nazo mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme karibu asilimia 60 ya shaba yenye unene ule ule. Moto wa gari huanza kwa mambo kama hayo, hasa pale fyuzi isipofungwa karibu na batri. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba baada ya gharama yote hiyo, sikio huona sauti imekuwa kubwa maradufu pale tu nguvu inapozidishwa takriban mara kumi.

Sasa turudi kwenye ubao. Fungua kava ya ndani ya mlango wa Corolla na utazame. Kuna bati jembamba lenye matundu makubwa ambayo kiwanda kiliyaacha ili mkono wa fundi ufikie kioo, na juu yake karatasi ya nailoni ambayo kwa miaka imechanika. Katikati ya matundu hayo imening'inia bafle ya inchi sita na nusu. Koni inapokwenda mbele inasukuma hewa ndani ya gari, na wakati huo huo inanyonya hewa ndani ya mlango. Wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa zaidi ya meta 3, kwa hiyo halioni shida kuzunguka bafle yenye upana wa kiganja, likapita kwenye tundu la jirani na kukutana na mwenzake wa nyuma. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Besi inakufa hapo hapo. Ukiongeza wati, mawimbi yote mawili yanaongezeka pamoja na kuendelea kuuana, huku bati la mlango likianza kutetemeka na kulia. Tiba yake ni kuziba matundu kwa bati au plastiki ngumu iliyokazwa vizuri, kubandika utepe mzito wa lami au wa butili kwenye bati la nje ili lisitetemeke, na kuikaza bafle kwenye pete ya mbao badala ya vile vishikizo vyepesi vya plastiki. Kazi hiyo ni ya mikono zaidi kuliko ya fedha, na mbao ndizo utajiri wetu: zile za misitu ya Beni na Mambasa hupita Kasindi kuelekea Uganda na Kenya. Tripleksi nzuri yenye unene wa sentimeta mbili, ikakatwa pete na kupakwa vanishi pande zote, hustahimili unyevu wa mlangoni zaidi kuliko mbao za unga uliogandishwa, ambazo huvimba zikipata maji.

Wapo watakaosema kwamba bila bafle kubwa ya besi nyuma ya viti hakuna muziki. Pingamizi hili lina uzito, kwa maana bafle ya mlangoni haiwezi kufika chini kabisa kwa nguvu. Lakini tujiulize tunasikiliza nini. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi la kawaida hupiga hezi 41, na gitaa za rumba, zile zinazobeba sebene, pamoja na sauti za waimbaji na za kwaya zetu za kanisani, zote ziko juu ya hapo, nyingi zikiwa kati ya hezi 100 na 4,000. Sauti ile ya hezi 41 huja pamoja na ndugu zake wa 82 na 123, na ubongo ukiwasikia ndugu hao wawili huijenga wenyewe ile ya kwanza. Zaidi ya hayo, gari lenyewe linasaidia. Sauti inapokuwa ndefu kiasi kwamba nusu ya wimbi lake haienei ndani ya gari, na kwa gari dogo hilo huanza chini ya hezi 70 hivi, hewa yote ya ndani hubanwa na kuachiwa kwa pamoja, na besi huongezeka yenyewe, mradi milango na vioo vimefungwa vizuri. Sebule haina msaada wa kiasi hicho. Atakayebaki na hamu ya besi baada ya kuziba milango anaweza kuongeza sanduku dogo lililozibwa. Atashangaa jinsi linavyohitaji nguvu kidogo. Bafle kubwa za matatu, mabasi madogo ya Nairobi, zinafungwa kwa lengo jingine, kuita abiria walioko nje, na hazifai kuwa kipimo cha mtu anayetaka kusikia maneno ya wimbo.

Pingamizi la pili ni la barabara. Kuna faida gani kutafuta sauti safi juu ya udongo, mawe na mashimo, au katika safari ya kilometa 54 hadi Beni? Naona barabara mbovu ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuanzia mlangoni. Kelele za matairi hufunika kwanza sauti za chini, na sehemu ya kelele hizo huingia kupitia bati lile lile jembamba. Utepe unaonyamazisha mlango hufanya kazi mbili kwa bei moja: kelele zikipungua desibeli 3, ni kama ampli imezidishwa mara mbili. Hata mwinuko wetu una neno lake. Butembo iko karibu meta 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na bafle ile ile hutoa desibeli moja au mbili pungufu kuliko Mombasa. Si nyingi, lakini ni sababu nyingine ya kuchagua bafle yenye unyeti mkubwa.

Kuna wanaoogopa maji na joto, na wana haki. Mvua huingia mlangoni kupitia ukingo wa kioo na kutoka kupitia vitundu vya chini kabisa. Vitundu hivyo visizibwe kamwe, la sivyo kutu itaula mlango. Utepe wa lami wa kuezekea nyumba hukaa salama katika baridi ya Bulengera, lakini gari linaloshuka mara kwa mara kwenye joto la Kasindi litanuka na lami italegea. Huko butili ndiyo inayofaa, ingawa bei yake iko juu.

Redio inaweza kubadilishwa kwa sababu moja ya haki. Magari ya zamani kutoka Japani huja na redio za masafa ya kwao, megahezi 76 hadi 90, wakati vituo vyetu hupanda hadi 108, na dereva anayetaka Radio Okapi au Radio Moto anaweza kukuta kimya. Bafle za asili za magari hayo, kinyume chake, zisitupwe haraka. Koni zake za karatasi nyepesi mara nyingi zina unyeti mzuri. Sifongo ya ukingoni ikiwa bado nzima, pete ya mbao inaweza kuzipa maisha mapya.

Kabla ya kurudisha kava, chukua batri ya tochi ya volti 1.5 na uguse nyaya za kila bafle kwa sekunde moja. Koni ikiruka kuja nje, waya uliogusa upande wa kujumlisha ndio wa kujumlisha. Utie alama, kisha ufanye vivyo hivyo mlango wa pili. Bafle moja ikifungwa kinyume, milango miwili itavutana kama ile hewa ya mbele na ya nyuma, na besi itapotea tena. Zikifungwa sawa, weka wimbo wa mwimbaji mmoja, funga vioo, na usikilize sauti yake ikiacha milango na kusimama katikati, juu ya dashibodi.