Miongozo ya mitandao yaanza kuandikiwa msomaji asiye mtu

Ijumaa ya tarehe 8 Julai mwaka 2022, wakaazi wengi wa mji wa Toronto, nchini Kanada, waliamka wakakuta simu zao hazina mawasiliano. Kampuni ya Rogers, yenye makao makuu mjini humo, ilikuwa imezimika nchi nzima. Wateja zaidi ya milioni 12 waliathirika. Malipo ya kadi kupitia mfumo wa Interac, ambayo kwa Mkanada ni ya kila siku kama M-Pesa ilivyo kwa Mkenya au Mtanzania, yalikwama madukani, na wako walioshindwa kupiga nambari ya dharura 911. Jioni, onyesho la mwanamuziki The Weeknd katika uwanja wa Rogers Centre likaahirishwa.

Haikuwa hujuma. Kabla ya saa 11 alfajiri, wafanyakazi waliokuwa wakiuboresha mtandao waliondoa kichujio kimoja kwenye ruta, yaani mitambo inayoielekeza data njia ya kupita. Kichujio hicho kilifanya kazi ya bawabu: kilizuia orodha kubwa mno ya njia za intaneti isiingie kwenye ruta kuu za kampuni. Kilipoondolewa, orodha ikafurika, na ruta kuu, ambazo hazikuwa zimewekewa kinga ya kuzidiwa, zikaanguka.

Uchunguzi wa kampuni ya Xona Partners, uliofanywa kwa ajili ya tume ya mawasiliano ya Kanada, CRTC, na kutolewa kwa ufupi mwaka 2024, ulibaini jambo la kushangaza. Kazi hiyo ilikuwa awamu ya sita kati ya saba. Mwanzoni ilihesabiwa kuwa ya hatari kubwa; lakini kwa kuwa awamu zilizotangulia zilikwenda salama, mfumo wa kukadiria hatari ukaishusha hadi kiwango cha chini. Isitoshe, njia waliyoitumia wahandisi kuifikia mitambo yao ilipita kwenye mtandao uleule uliokufa, na simu zao nyingi zilikuwa za Rogers. Ilichukua takriban saa 14 kuitambua sababu.

Kisa hicho kina uzito mpya leo, kwa sababu kazi za aina hiyo zimeanza kukabidhiwa mawakala wa akili mnemba. Wakala si programu ya kujibu maswali tu. Hupewa zana, huchagua amri, husoma jibu la mtambo, kisha huchagua amri nyingine. Toronto si mgeni katika elimu hii: ni katika chuo kikuu chake ambako Geoffrey Hinton, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 2024, na wanafunzi wake wawili walitengeneza mwaka 2012 mfumo wa kutambua picha ulioufungulia njia wimbi la sasa.

Swali ni je, wakala husoma nini kabla ya kuugusa mtandao? Husoma mwongozo. Na miongozo mingi iliandikwa kwa ajili ya watu, ambao mengi huyajua bila kuandikiwa.

Mfano mmoja unajulikana na karibu kila fundi wa mitandao. Katika swichi za Cisco ipo amri ya kutaja mitandao midogo inayoruhusiwa kupita kwenye waya mmoja. Fundi anayetaka kuruhusu mtandao wa 30 juu ya ile iliyokwishapo lazima atie neno lenye maana ya "ongeza". Akilisahau, swichi haiongezi: huifuta orodha yote ya zamani na kubakiza 30 peke yake. Fundi hulikosea mara moja, ofisi nzima ikakatika, naye hasahau tena maishani. Wakala hana kumbukumbu ya aibu hiyo. Kisichoandikwa kwenye mwongozo, na papo hapo panapotajwa amri, anaweza kukikosa.

Kwa hiyo mwongozo wa zana kama hiyo hauna budi kusema wazi amri ipi hutazama tu na ipi hubadilisha, ipi ikirudiwa mara mbili haina madhara na ipi huharibu. Utaratibu wa MCP, uliotangazwa na kampuni ya Anthropic mwezi Novemba 2024 kwa ajili ya kuunganisha akili mnemba na zana, unamruhusu mtengenezaji kuziwekea zana zake alama za namna hiyo. Lakini utaratibu huohuo unaonya kwamba alama zisiaminiwe iwapo aliyeziweka haaminiki. Alama ni maelezo, si kufuli.

Kinga iliyo bora zaidi ni ya zamani. Kanuni ya NETCONF, iliyochapishwa tangu mwaka 2006, ina nafasi ya kufanya badiliko kwa masharti: lisipothibitishwa ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida dakika 10, mtambo hujirudisha wenyewe ulivyokuwa. Aliyekata tawi alilokalia hupata la kumdaka. Mwongozo mzuri unamtaka wakala atumie njia hiyo kwanza, na unaitaja mitambo ambayo haina uwezo huo. Hapo hapana budi kumngoja mtu atoe idhini.

Linabaki jambo moja ambalo Toronto ililionja. Wakala ambaye akili yake imo katika kompyuta za mbali hufikiwa kwa mtandao. Mtandao ukianguka, naye hutoweka pamoja nao, kama daktari anayeishi ng'ambo ya daraja lililovunjika. Rogers, baada ya tukio lile, ilitenganisha njia ya usimamizi na mtandao wa wateja. Kwa wanaoandika miongozo hii mipya, maana yake ni kwamba nakala moja haina budi kuandikwa kwa lugha anayoielewa fundi aliyeamshwa saa 11 alfajiri, na kuwekwa mahali anapoweza kuisoma bila intaneti.